Fungueni chupa hata kwa mtoto mmoja

Chupa ya chanjo ya surua na rubella inayotumika kwenye zahanati zetu ni ndogo, inafichika kiganjani. Ndani mna unga mkavu wa dozi 10. Muuguzi akishauchanganya na kiyeyusho chake, ana saa 6 tu za kuutumia. Zikipita, kinachobaki humwagwa, hata kama amechanjwa mtoto mmoja. Kwa hiyo vituo vingi vya vijijini vimejijengea mazoea: chupa haifunguliwi mpaka wapatikane watoto wa kutosha. Wakiwa wachache, mama zao huambiwa warudi wiki ijayo.

Nilikuwa muuguzi, wodini na kwenye kliniki ya mama na mtoto, mkoani Dodoma mpaka nilipostaafu, na nasema bila kupepesa macho kwamba mazoea hayo yanatuzalishia wagonjwa.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu kliniki kwa sababu mama yake alikuwa safarini. Zahanati yenyewe sitaitaja, maana niliyoyaona pale yapo kwingi. Ilikuwa Alhamisi, siku yao ya chanjo. Kwenye benchi letu alikaa mama mmoja kijana na mtoto wa mwaka na nusu, kadi ya kliniki ameitia ndani ya pakiti tupu ya unga wa sembe isilowane. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Zamu yake ilipofika muuguzi aliichukua kadi, akaisoma, akahesabu kwa macho waliokuwa wamebaki.

"Mama, wa surua leo mko watatu tu. Chupa ni ya watoto 10. Njoo Alhamisi ijayo."

"Sista, Alhamisi iliyopita uliniambia hivyohivyo."

"Najua, mama. Sasa mimi nifanyeje?"

Yule mama hakubishana. Akairudisha kadi kwenye pakiti, akaikunja mara mbili, akainama kumpandisha mtoto mgongoni. Nikamwomba asubiri kidogo. Nikaenda kumsalimia yule binti muuguzi, akaniamkia, tukasogea pembeni. Si mtu mbaya wala si mvivu. Tangu asubuhi alikuwa peke yake anapima uzito, anajaza madaftari, anachoma sindano. Alinieleza kwa unyonge kabisa: "Mama, wewe kazi hii unaijua. Mwisho wa mwezi naulizwa dozi zimekwenda wapi." Tuliongea, akaifungua chupa, watoto wote watatu wakachanjwa. Kilichoniudhi, na kinaniudhi hadi leo, ni kwamba ilibidi nesi mstaafu awe amekaa kwenye benchi ndipo mtoto apate haki iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Wapo watakaosema Alhamisi moja si kitu. Kwa anayekaa jirani na zahanati, sawa. Yule mama alikuwa ametoka ng'ambo ya korongo, na korongo lile mvua ikinyesha halivukiki. Ana palizi ya mtama, ana maji ya kufuata, ana watoto wengine aliowaacha kwa jirani. Akirudishwa mara ya kwanza atakuja tena. Akirudishwa mara ya pili, ya tatu haji. Na hakuna atakayejua kwamba hakuja, kwa sababu madaftari yetu yanaandika waliochanjwa. Waliorudishwa hawaandikwi popote.

Anayepotea zaidi kwa njia hii ni mtoto wa miezi 18. Mpaka miezi 9 mama huwa kwenye mwendo: amechanjiwa mtoto alipozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu sindano ya miezi 9. Baada ya hapo ratiba inakaa kimya miezi mingine 9. Mtoto ameanza kutembea, pengine mama ana mimba nyingine, na nyumbani kila mtu anasema huyu kamaliza kliniki. Mama anayekumbuka dozi ya pili katika hali hiyo na kuifuata kwa miguu amefanya kazi kubwa mno. Huyo ndiye tunayemwambia wenzake hawajatimia.

Dozi ya pili inatakiwa kwa sababu iliyo wazi. Mtoto huzaliwa na kinga aliyorithi kwa mama yake, na kinga hiyo hupungua polepole katika mwaka wa kwanza. Akichanjwa akiwa na miezi 9, kwa baadhi ya watoto masalia ya kinga ya mama huizuia chanjo isishike. Kwa kila watoto 100 wanaochanjwa umri huo, 15 hivi hubaki bila kinga, na kwa kuwatazama huwezi kuwajua. Dozi ya pili ndiyo inayowafikia hao, na wenye dozi zote mbili wanaokingika hufika kama 97 kwa 100. Surua nayo haihurumii pengo dogo. Mgonjwa mmoja, kwenye jamii isiyo na kinga, huambukiza watu 12 hadi 18. Ili isipate njia, watoto 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Kijiji ambacho kila mtoto amepata dozi moja tu, hata kama hakuna aliyerukwa, bado hakijafika hapo.

Ninaandika haya kwa sababu naona kizazi cha wazazi ambacho hakijaiona surua, kinaidhani ni vipele tu, ndugu yake tetekuwanga. Mimi nimekesha nayo wodini.

Huanza kama mafua. Mtoto ana homa kali, anakohoa, pua inatiririka, macho mekundu yanakimbia mwanga. Ukimfungua kinywa, ndani ya mashavu karibu na magego unaweza kuona vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi, lakini ni wachache wanaoangalia huko. Siku ya tatu au ya nne upele unatokea nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, unashuka shingoni, kifuani, mpaka miguuni. Kufikia hapo mtoto ameshaambukiza wengine kwa siku 4 nzima bila mtu kujua. Amepanda daladala, amepelekwa ibadani, amekaa kwenye foleni ya kliniki pamoja na watoto wachanga. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya yeye kuondoka chumbani.

Wengi hupona. Wasiopona, mara nyingi kinachowaua huja nyuma ya upele: nimonia, na kuharisha. Mtoto wa surua mwenye nimonia humsahau kamwe. Sauti imekauka, midomo imechanika, kinywa kina vidonda hata ziwa analikataa, na kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Mama yake anamega vipande vya ugali na kuvilowesha kwenye mlenda, anamwekea mdomoni, mtoto anavisukuma nje kwa ulimi. Hapo ndipo unapotamani ile sindano ya miezi 18.

Na hata anayepona hatoki kama alivyoingia. Mwaka 2019 wanasayansi walitoa matokeo ya uchunguzi wa damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, iliyochukuliwa kabla na baada ya kuugua surua. Walikuta ugonjwa umefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kinga ambazo watoto hao walikuwa wameshajijengea dhidi ya maradhi mengine. Sisi wa wodini tulikuwa tunaliona jambo hilo kwa macho bila kuwa na jina lake: mtoto anaruhusiwa, upele umekwisha, ngozi inabambuka vizuri, halafu baada ya mwezi anarudi na kifua, mwezi mwingine anarudi anaharisha.

Kuna habari moja ya huku kwetu ambayo ningependa kila muuguzi kijana aijue. Kusini mashariki ya Dodoma mjini ipo Hospitali ya Mvumi. Miaka ya 1980 madaktari walifanya jaribio pale kwa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Nusu yao hivi walipewa matibabu ya kawaida, na wengine wakapewa matibabu hayohayo pamoja na vitamini A, uniti 200,000 siku ya kwanza na kiasi kilekile siku iliyofuata. Katika 92 wa kundi la kwanza walikufa 12. Katika 88 waliopata vitamini A walikufa 6. Kwa watoto wa chini ya miaka 2 tofauti ilikuwa kubwa zaidi: vifo 7 upande mmoja, kimoja upande wa pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, na leo Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto mwenye surua, popote alipo, apewe vitamini A siku mbili mfululizo kwa kipimo cha umri wake. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa watoto wa Ugogo, watoto wa mama waliokuwa wakila uwele na mlenda uliokaushwa juani, maana kiangazi mboga mbichi huku ni za shida.

Daktari Allen Foster, aliyekuwa mmoja wa watafiti hao, alikuwa daktari wa macho. Yeye na mwenzake Alfred Sommer waliwachunguza pia watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda kwenye kioo cha jicho, wakakuta zaidi ya theluthi walivipata baada ya kuugua surua. Sababu iliyoongoza ilikuwa upungufu wa vitamini A. Nyingine ilikuwa dawa za kienyeji zilizotiwa machoni.

Hili la dawa nalijua, na sitaki kuwadharau bibi zetu. Walichokuwa wakifanya kilitokana na kuzika watoto. Kumweka mgonjwa chumba chenye kiza kulimpunguzia maumivu ya macho. Kumwogesha maji ya mwarobaini na kumpa maji ya ukwaju hakujanipa ugomvi na mtu. Lakini majani yaliyotwangwa yasiguse jicho la mtoto. Na ile imani kwamba mwenye surua hachomwi sindano, eti upele utarudi ndani umuue, imewachelewesha wengi nyumbani mpaka nimonia imekomaa. Mtoto wa surua anyonye, ale, anywe maji, apelekwe kituoni siku hiyohiyo, na asipewe mtu nafasi ya kumfunga mdomo kwa sababu ya mwiko wa nyama au mayai. Surua inamaliza akiba ya mwili haraka kuliko njaa.

Sasa nirudi kwenye chupa.

Hoja ya kuokoa chanjo inasikika vizuri mpaka uipigie hesabu. Dozi moja ya chanjo hii, kwa bei inayonunuliwa kupitia UNICEF, haifiki dola moja ya Marekani. Chupa ikifunguliwa kwa mtoto mmoja na dozi 9 zikamwagwa, hasara haifiki dola 9. Weka pembeni yake mtoto mmoja aliyelazwa na nimonia ya surua: kitanda, dawa ya sindano kila siku, oksijeni pale inapopatikana, maji ya chumvi na sukari, mafuta ya tetrasaiklini ya macho, mama aliyeacha shamba, nauli, chakula cha hospitali kutoka nyumbani. Na hapo sijahesabu jicho. Shirika la Afya Duniani halina kigugumizi kuhusu jambo hili: chupa ifunguliwe hata kama aliyekuja ni mtoto mmoja.

Isitoshe, sisi wenyewe tunajua kufanya hivyo. Februari 2024 ilipofanyika kampeni ya chanjo ya surua na rubella nchini, wachanjaji walipita vijijini na makasha ya baridi, wakakaa chini ya mibuyu na kwenye madarasa, na mama akija na mtoto mmoja anachanjiwa. Serikali ilifanya vizuri na ninaipongeza. Ila kampeni huja baada ya miaka kadhaa, na watoto huzaliwa kila siku. Huyu aliyezaliwa mwezi uliofuata anaitegemea ile Alhamisi ya kawaida, yenye muuguzi mmoja na chupa isiyofunguliwa.

Kinachotokea nafasi za chanjo zilizopotea zikikusanyika tumekiona kwa jirani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata mlipuko mkubwa wa surua mwaka 2019. Hadi mwanzoni mwa 2020 wagonjwa walioshukiwa walikuwa zaidi ya 310,000 na waliokufa walivuka 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Wakati huohuo Ebola ilikuwa ikiua mashariki ya nchi hiyo, na hadi ilipotangazwa kwisha kule ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Dunia nzima ilijua habari za Ebola. Hao zaidi ya 6,000 wa surua walizikwa bila kelele. Na hapa nyumbani, Katavi walizika watoto kwa surua katika mlipuko ulioanza 2022. Hakuna aliyeweza kusema chanjo haikuwepo duniani. Virusi vya surua vilitengwa mwaka 1954 na chanjo yake ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963, kabla sijazaliwa.

Nimewasikia waganga wafawidhi wakisema: tukifungua chupa ovyo, zitatuishia kabla ya mgawo mwingine, na hapo atarudishwa kila mtu. Hofu hiyo ni ya kweli na haijibiwi kwa kumkemea muuguzi. Inajibiwa na anayepanga mgao. Wilaya ikiagiza chupa kwa kuhesabu watoto peke yake, bila kuweka kiasi cha kumwagwa kwenye zahanati ndogo, imeshamfunga mikono muuguzi kabla Alhamisi haijafika. Zahanati inayopata watoto wawili au watatu kwa siku ya chanjo ihesabiwe kwa siku zake za chanjo. Ipo pia njia ya chupa ndogo. Zambia walijaribu kwenye baadhi ya wilaya kutumia chupa za dozi 5 badala ya 10: watoto waliochanjwa surua wakaongezeka, na chanjo iliyomwagwa ikapungua karibu nusu. Chupa ndogo huchukua nafasi kubwa zaidi kwenye jokofu na bei ya dozi hupanda kidogo, hilo lazima lisemwe. Kwa vituo vya mbali vyenye watu wachache naona inalipa, na ningependa Wizara ituambie kama imeshalipima.

Lakini kuna kitu ambacho hakihitaji Wizara wala wafadhili. Chukueni rula, pigeni mstari mmoja zaidi kwenye daftari la chanjo, muandike juu yake: waliorudishwa. Kila mama anayeambiwa aje wiki ijayo, jina la mtoto liandikwe hapo, na kitongoji, na namba ya simu kama anayo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe orodha hiyo jioni ileile. Mwisho wa mwezi, msimamizi wa wilaya anapouliza dozi ngapi zimemwagwa, aulize kwenye kikao hichohicho watoto wangapi wamerudishwa, na idadi ya pili ndiyo imkunje uso. Yule binti muuguzi atafanya kile anachoulizwa. Kila mtumishi hufanya hivyo.

Mwezi Juni na Desemba, watoto wanapoitwa kupewa vitamini A na dawa za minyoo, kadi zao zifunguliwe pale pale na safu ya miezi 18 itazamwe. Mtoto ameshafika kituoni, mama ameshaacha kazi zake. Kumpa tone la vitamini na kumwacha aondoke bila dozi ya pili ni kupoteza safari yake nzima.

Akina baba nanyi muisome kadi. Wengi wenu mnajua tarehe ya bima ya pikipiki kuliko tarehe ya chanjo ya mtoto. Kama zahanati iko mbali, huyo mtoto na mama yake wapande pikipiki hiyo Alhamisi moja. Na wewe mama, ukiambiwa watoto hawajatimia, usiondoke kimya kama yule mwenzio. Mwambie muuguzi kwa adabu kwamba umetoka mbali, umeshawahi kurudishwa, na unaomba chupa ifunguliwe. Akikataa, omba akuandikie kwenye kadi kwamba ulifika, na tarehe. Mwenyekiti wa kitongoji chako ana namba ya diwani.

Madiwani wa halmashauri hupokea taarifa ya afya kwenye baraza kila robo mwaka. Nimeshazisikia taarifa hizo zikisomwa, asilimia za waliochanjwa zikipigiwa makofi. Kwenye baraza lijalo diwani mmoja tu asimame, amuulize mganga mkuu wa wilaya: robo hii, ni watoto wangapi waliofika kwenye zahanati zetu wakiwa na kadi mkononi, wakaondoka bila chanjo ya surua? Kama jibu halipo, lipangiwe tarehe.